Mgeni Apitaye Njia ya Mkata

Basi la kwenda Arusha likipunguza mwendo pale Mkata, halijasimama sawasawa, madirisha ya upande wa kushoto yameshazingirwa. Sahani za plastiki zinainuliwa juu kwa mikono iliyonyooshwa: machungwa yaliyomenywa ganda la nje yakabaki na utando mweupe, mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, mahindi ya kuchoma, maji ya chupa. Soko lote hudumu dakika mbili, tatu zikizidi. Chenji ikichelewa, mchuuzi hukimbia sambamba na basi huku noti ikipepea mkononi, kwa sababu abiria aliyekosa shilingi mia tano zake huisimulia habari hiyo mpaka Moshi.

Ndani ya basi hilo, mbali na wanaorudi kwao Upare na Uchagani, mara nyingi hamkosi wageni. Yupo kijana wa Kizungu mwenye begi kubwa anayekwenda kushuka Mombo ili apande Lushoto kutembea milimani. Wapo wapanda Kilimanjaro wasio na fedha za ndege. Wengine hupita kwenye magari yao wenyewe, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma. Wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Mazingara, kata ya Wilaya ya Handeni iliyo karibu na Mkata, na hawana habari kwamba chungwa wanalokula limetoka kwenye vijiji vya huko ndani, likibebwa kwa bodaboda kwenye kiroba.

Mazungumzo ya leo yanamhusu huyo mchuuzi wa machungwa zaidi ya mgeni.

Utalii wa Tanzania huelezwa kwa takwimu kubwa. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya UVIKO, wakashuka hadi 620,867, na kufikia mwaka 2024 walikuwa wamevuka milioni 2.1. Karibu robo ya fedha za kigeni za nchi hutokana na wageni hawa. Katika hesabu hizo Handeni haionekani. Haina hoteli ya kifahari wala picha kwenye mabango ya uwanja wa ndege. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa Mazingara humwona mgeni akipita, na uponyaji wake ni yale machungwa manne aliyomuuzia dirishani. Lakini barabara ikikatika, hata hayo manne hayauziki.

Na barabara hukatika. Mwishoni mwa Oktoba 2019 mvua za vuli ziligeuka msiba katika wilaya za Handeni na Korogwe. Watu walisombwa na maji wakapoteza maisha, nyumba zikabomoka, na barabara ya lami kati ya Korogwe na Handeni ikakatika. Wazee waliokumbuka El Nino ya mwaka 1997 na 1998 walidhani imerudi. Haikuwa hiyo. Safari ile kisa kilikuwa ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe. Maji ya upande wetu, upande wa magharibi, yalipata joto kupita kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa. Bahari ikapinda kama mizani iliyoelemewa upande mmoja. Mvuke ukapanda huku kwetu, mvua zikamwagika Afrika Mashariki nzima. Upande wa pili wa mizani hiyohiyo, Australia ilikauka mpaka misitu yake ikawaka moto kwa miezi. Wataalamu wanaitaja hali ya mwaka ule kuwa miongoni mwa kali zaidi tangu ianze kupimwa.

Barabara ya Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita 65, na ile ya Handeni hadi Mkata kilomita 54. Ya kwanza ikikatika, gari la Handeni linalokwenda Korogwe hulazimika kushuka mpaka Mkata, kuifuata barabara kuu hadi Segera, kisha kukunja kurudi juu. Ni mzunguko wa karibu mara mbili ya safari ya kawaida. Hesabu ya hapo haihitaji shahada ya uchumi. Lori linakunywa dizeli maradufu, kwa hiyo dereva anamwambia mkulima, mahindi yako nitayachukua kwa bei ya chini. Akifika mjini anamwambia muuza unga, mahindi yangu ni ghali, njia mbaya. Siku ileile, kwa sababu ileile, bei imeanguka shambani na imepanda dukani. Anayelima amepata kidogo na anayenunua ametoa zaidi. Katikati hakuna aliyetajirika ila tope.

Kule Korogwe mjini hasara ina sura nyingine. Mji ule kwa miaka mingi umelishwa na mabasi. Huko ndiko abiria wa kaskazini hushuka kula, kunywa chai, na kile makondakta wanachokiita kuchimba dawa. Hoteli ya kando ya barabara hupika wali wa asubuhi kwa kutegemea basi la saa tano. Basi likikwama nyuma ya mto uliofurika, wali unapoa, kuku anakauka kwenye mafuta, na mpishi wa kutwa harudi na ujira. Hakuna ripoti ya maafa iliyowahi kuandika sufuria ya wali uliolala.

Mwenye kampuni ya utalii naye anaumia, ila anayo njia ya kutokea. Wageni wake wanaweza kuruka kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, au wakaongeza usiku mmoja mjini. Tena biashara yake imezoea kufunga. Katika Hifadhi ya Saadani, ile ya upande wa baharini ambako nyika hukutana na mawimbi, kambi nyingi hufunga milango Aprili na Mei, kwa sababu udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hunasa hata gari la magurudumu manne. Masika imo ndani ya bajeti yao. Bei hushuka, rangi hupakwa upya, na baadhi ya wafanyakazi hurudi kwao kusubiri Juni. Mchuuzi wa Mkata hana msimu wa kufunga. Mwezi ambao wageni hawapo, mtoto anakula vilevile.

Jambo jipya ni kwamba hata kalenda ya wenye kambi imeanza kuyumba. Mvua iliyoharibu mambo mwaka 2019 na ile ya El Nino ya mwaka 2023 zote zilikuja vuli, zikielekea Krismasi, wakati ambao wageni ndio wanaanza kumiminika. El Nino hiyo haikuondoka upesi. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua zilikwisha kuua watu 155 nchini. Siku chache baadaye, nchini Kenya, mto Talek ulifurika usiku katika Maasai Mara, ukazamisha kambi za watalii, na wageni wakaokolewa kwa helikopta. Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani upande wa Mafia, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Watu wa Lindi na Mtwara walikaa siku kadhaa kama wako kisiwani.

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Si kila hoteli iliyo tupu imefukuzwa na mvua. Mwaka 1997 utalii wa pwani ya Kenya ulianguka, na wengi leo wanaisingizia El Nino. Lakini kabla mvua hazijaanza, mwezi Agosti mwaka huo, ghasia za huko Likoni zilikuwa zimeshawatia hofu wageni. Mvua ilimkuta mgonjwa kitandani. Ni rahisi kuyabandika matatizo yote jina la mabadiliko ya tabianchi, hasa anapotafutwa wa kulaumiwa asiyeweza kujibu.

Na maafa hayaishii kubomoa; huhamisha uchumi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na kuvunja merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini. Pemba iliguswa kidogo tu. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Leo mgeni anayetembezwa kwenye mashamba ya viungo ya Unguja ananusishwa karafuu katika kisiwa kilichonyang'anywa taji lake na upepo wa siku moja.

Kwa Wazigua, wenyeji wa Handeni, hata hivyo, adui wa zamani si maji. Ni jua.

Katika miaka ya 1830 ukame ulileta njaa Uzigua, njaa iliyowasukuma watu mpaka pwani, wengine wakijitoa wenyewe na watoto wao kwa wenye vyombo vya baharini ili wapate kula. Baadhi walivushwa hadi pwani ya Somalia wakauzwa huko. Waliofaulu kutoroka walijikusanya kwenye misitu ya bonde la mto Juba, wakalima, wakazaa, na Kizigua chao hawakukiacha. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vikawang'oa tena. Wengine walichukuliwa Marekani, na wengine wakarudi hapahapa, wakapewa makazi Chogo, Wilaya ya Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu anayetaka kujua mvua iliyokosekana inaweza kufikisha familia umbali gani, aende Chogo akasikilize Kizigua cha Juba.

Ukame wa siku hizi hauuzi watu, lakini unayo mikono mirefu. Maji ya bomba la Handeni, ule mradi wa zamani ambao wenyeji wanaujua kwa herufi zake tatu, HTM, huvutwa kutoka mto Pangani upande wa Korogwe. Pangani nao huanzia kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ukipokea mito ya Upare na Usambara njiani. Yaani mlima anaoufuata mgeni ndani ya basi ndio unaomnywesha mchuuzi wa dirishani. Wengi huihofia barafu ya kileleni, ambayo kweli imepungua sana tangu ilipopimwa mwaka 1912. Ila kinacholisha mto zaidi ni mvua na msitu wa ubavuni, na msitu ule ukikatwa au ukiungua, anayekuja kuhisi ni mwenye ndoo Handeni. Katika njia hiyo maji yana wadai wengi: mashamba ya umwagiliaji, bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale yenye megawati 21, na Pangani Falls yenye 68. Mto ukipungua, kila mdai anashika ndoo yake, na wa mwisho kwenye foleni ni bomba la kijijini.

Hata mkonge unaguswa. Zao hili lina sifa ya ukaidi. Richard Hindorf alipoliingiza mwaka 1893 kutoka Florida, katika miche 1,000 ilifika hai 62, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote ya Korogwe na Tanga. Mkonge husimama juani pale mahindi yanapokunja majani. Lakini ukishakatwa lazima upite kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi ambayo vibarua waliiita hivyo miaka mingi kabla ugonjwa haujalichafua jina, na korona hunywa maji mengi. Bila maji, mkonge ni miiba tu.

Kisha kuna tembo. Maji yakikauka ndani ya hifadhi, tembo hasomi ramani. Vijiji vya karibu na Hifadhi ya Mkomazi kwa upande wa Korogwe, na vile vilivyo jirani na Saadani, vina hadithi moja ya usiku: mbwa wanabweka, debe linapigwa, asubuhi ekari ya mahindi imelazwa kama mkeka. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa, na majina yenyewe yanasema ukweli, maana si fidia. Tembo aliyepigwa picha Jumatatu ameingiza dola. Tembo huyohuyo akivuka mpaka Jumanne amekula ada ya shule ya mtoto wa mtu. Kwenye vitabu vya utalii Jumatatu imeandikwa, Jumanne haimo.

Handeni imepokea mzigo mwingine pia kutoka upande wa utalii. Tangu Juni 2022 familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa kijiji cha Msomera, wilayani humu. Serikali ilieleza kwamba watu na mifugo walikuwa wameongezeka kupita uwezo wa hifadhi. Watetezi wa haki, ndani na nje ya nchi, walilalamika kwamba Wamasai walikuwa wanaondolewa kwenye ardhi yao. Mjadala huo ni mrefu kuliko muda wa mazungumzo haya. Linaloihusu mada ya leo ni moja: ng'ombe anakunywa. Wilaya ambayo wenyeji wake wamepanga foleni ya maji kwa miongo sasa inawapokea wafugaji na makundi yao ili kreta moja maarufu ipate nafasi. Kwa maneno mengine, Handeni imeanza kulipa gharama za utalii kabla haijaonja faida yake.

Kuna masuluhisho mawili makubwa yanayotajwa kila mara: mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, ambao Handeni imo, na barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja lake refu la mto Pangani. Yote ni mambo mema. Ile barabara ya pwani, hata hivyo, ina upande wa pili ambao wachuuzi wa Mkata wanapaswa kuufikiria mapema. Sehemu ya wasafiri wa Tanga itaacha njia ya Segera, na kila gari linalopita pwani ni dirisha moja pungufu.

Lakini kazi inayoweza kuokoa fedha nyingi kwa haraka ni ndogo na haina utepe wa kukata. Ni makalavati. Barabara kuu ni ya TANROADS, na barabara kuu ikikatika mawaziri hufika, greda huja na mawe hupangwa usiku na mchana. Ni sawa. Barabara ya vijijini ni ya TARURA, chombo kilichoanza kazi mwaka 2017 na kurithi njia za udongo kila wilaya. Hiyo ikikatika habari haitangazwi. Machungwa yanaiva, lori haliingii, bodaboda anaongeza bei kwa sababu sasa anapita porini, na matunda yanaoza chini ya mti. Basi linaweza kuwa limerudi Mkata, wageni wote wamo, madirisha yamefunguliwa, na mchuuzi akawa hana cha kuinua. Wiki mbili baada ya mafuriko taarifa husema mawasiliano yamerejea. Yamerejea kwa anayepita.

Tena kalavati halifi kwa mvua peke yake. Hufa kwa majani makavu, mifuko ya plastiki, na magogo ya waliochoma mkaa juu ya kilima. Mkaa wenyewe hupangwa magunia kando ya barabara hiihii, na wasafiri wanaoilaani barabara mbovu hufunga magunia mawili kwenye buti. Kilima kikibaki kipara, maji hayana wa kuyashika. Yanashuka na mchanga, yanakuta mdomo umeziba, yanapanda juu ya tuta na kulikata kama kisu. Hapo tunasema ni maafa ya asili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, kwa kawaida mwezi Agosti, na Tanga huwa imo. Mwaka 2023 ilitangaza mapema kwamba mvua zingezidi kiwango, na zikazidi. Kati ya tangazo na mvua za kwanza za Oktoba kuna wiki kama sita. Jembe na koleo vinatosha. Msikilizaji wa Mazingara, wa Kabuku, wa Sindeni, au wa kijiji chochote chenye barabara ya udongo, mwezi Septemba ukifika nenda ukachungulie kalavati la karibu na kwako. Ukiona huoni mwanga upande wa pili, mwite mwenyekiti wa kitongoji naye aje achungulie.